Kampuni imesaini kununua chaneli, kisha inataka kughairi: tuchambue Vivendi na Mediaset Premium

Mzani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Kila kampuni kubwa ya habari inapotangaza kununua kituo cha televisheni, swali ni lile lile: ikishasaini, inaweza kughairi? Na ikighairi, anaumia nani? Napendekeza tujadili kwa kisa kimoja ambacho nyaraka zake ziliishia mahakamani, ili tusiongee hewani.

Tarehe 8 Aprili 2016, Vivendi ya Ufaransa, ambayo wakati huo ndiyo mmiliki wa Canal+, ilisaini mkataba na Mediaset ya Italia, kampuni ya familia ya Berlusconi. Vivendi ingechukua Mediaset Premium yote, yaani televisheni ya kulipia ya Mediaset, pamoja na asilimia 3.5 ya hisa za Mediaset yenyewe. Malipo hayakuwa fedha taslimu. Mediaset ingepewa asilimia 3.5 ya hisa za Vivendi.

Mwishoni mwa Julai mwaka ule ule, Vivendi ikaandika barua nyingine kabisa: haiitaki Premium yote, itachukua asilimia 20 tu, na badala yake inataka njia ya kufikia asilimia 15 ya Mediaset ndani ya miaka 3 kupitia hati fungani zinazogeuka hisa. Sababu iliyotolewa ni kwamba hesabu za Premium zilisomeka tofauti na walivyoelewa wakati wa kusaini, na kwamba mpango wa biashara ulioonyesha hasara ikiisha ifikapo 2018 hautekelezeki.

Mediaset ikakataa, ikaenda mahakamani Milan. Pamoja na Fininvest, kampuni mama ya familia, madai ya fidia yalifika takriban Euro bilioni 3. Kesi ikachukua karibu miaka 5.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: wasiwasi wa Vivendi kuhusu Premium ulikuwa na msingi, ila ulikuja baada ya wino kukauka. Karibuni.

---

Msoma Mikataba

Shukrani Mzani kwa kufungua huu uzi. Niweke upande wa mkataba kwanza, kwa sababu wengi huchanganya siku ya kusaini na siku ya kukamilisha.

Kwenye ununuzi wa kituo, siku hizi mbili hazifanani. Siku ya kusaini, pande zote zinafungwa. Siku ya kukamilisha, hisa zinahama na malipo yanafanyika. Katikati yake kuna miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, ya kusubiri idhini za wadhibiti. Hicho ndicho kipindi ambacho mnunuzi huanza kuota mashaka, kwa sababu sasa anaziona hesabu za kila mwezi zikiingia.

Milango halali ya kutokea katika kipindi hicho ni michache:

Kwanza ni sharti la awali ambalo halikutimia, mfano idhini ya mamlaka ya ushindani au ya mdhibiti wa utangazaji. Pili ni tarehe ya ukomo: ikifika kabla muamala haujakamilika, upande usio na kosa unaweza kujitoa. Tatu ni kifungu cha mabadiliko makubwa mabaya, na hapa watu hujidanganya sana. Kifungu hicho kinahusu jambo jipya lililotokea baada ya kusaini na kuiharibu biashara kwa muda mrefu. Hasara iliyokuwepo siku ya kusaini haiingii humo, hata kama mnunuzi aliigundua kwa kuchelewa. Nne ni muuzaji kutamka jambo la uongo kwenye dhamana zake, na hapo lazima uthibitishe kwa nyaraka.

"Tumesoma upya hesabu tukaona haifai" haimo katika hiyo milango minne. Ndiyo maana barua ya Julai 2016 ilikuwa dhaifu kisheria hata kama kibiashara ilikuwa na mantiki.

---

Bi Mahesabu

Ndugu zangu, naomba niwarudishe kwenye namba, maana ndizo zilizoua ule muamala.

Televisheni ya kulipia hununuliwa kwa kuhesabu wateja. Premium ilitajwa kuwa na wateja takriban milioni 2. Swali la kwanza la mkaguzi yeyote makini si "ni wangapi?" bali "mteja hapa ni nani?". Ni yule aliyelipa mwezi huu? Aliyelipa mara moja ndani ya siku 90? Aliye kwenye ofa ya bure ya miezi 3? Hoteli yenye vyumba 80 inahesabiwa moja au 80?

Msidhani ni mchezo wa maneno. Tuchukue mfano wa kubuni kwa shilingi zetu, kampuni ya ving'amuzi yenye kifurushi kimoja cha 20,000 kwa mwezi:

Toa VAT ya asilimia 18, inabaki 16,949. Toa kamisheni ya wakala na makato ya malipo kwa simu, tuseme asilimia 8 ya bei ya dukani, yaani 1,600, inabaki 15,349. Toa ada unayolipa wenye chaneli kwa kila mteja, tuseme 5,000, inabaki 10,349.

Muuzaji anasema ana wateja 190,000 kwa kipimo cha siku 90. Zidisha: shilingi milioni 1,966 kwa mwezi. Gharama zisizobadilika (mishahara, setilaiti, haki za mpira, ofisi) ni milioni 1,600. Faida milioni 366 kwa mwezi. Biashara nzuri.

Sasa hesabu waliolipa bei kamili mwezi huu tu: 140,000. Zidisha: milioni 1,449. Hasara milioni 151 kwa mwezi.

Kampuni ni ile ile, vitabu ni vile vile. Kilichobadilika ni maana ya mteja. Mnunuzi asipoibana maana hiyo ndani ya mkataba, kwa kipengele na kwa namba, ataikuta baadaye na hatakuwa na pa kuishikia.

---

Mtaa wa Pili

Bi Mahesabu hapo umenyoosha. Swali langu: kampuni kubwa hutumia kipimo kipi kwa kawaida? Cha siku 90 au cha mwezi?

---

Bi Mahesabu

Mtaa wa Pili, zipo zinazotoa vyote viwili. MultiChoice, wenye DStv, walikuwa wakitangaza wateja wa siku 90 na pia walio hewani siku ya kufunga hesabu. Machi 2024 kipimo cha kwanza kilisoma milioni 20.9, cha pili milioni 15.7. Pengo la zaidi ya milioni 5, na hakuna aliyedanganya mtu. Ni tabia ya soko letu: mtu analipia mwezi wenye mpira, mwezi wa ada za shule anaacha, kisha anarudi. Kwa Afrika mnunuzi adai takwimu za kila mwezi kwa miezi 36 mfululizo, zikionyesha kadi ngapi zimelipiwa na kwa siku ngapi. Faili hilo hutoka kwenye mfumo wa malipo moja kwa moja. Usikubali jedwali lililoandaliwa na idara ya masoko.

---

Kipimo Sahihi

Naomba kumpinga Mzani kidogo. Si haki kusema Vivendi walichelewa tu kufumbua macho. Hatari ya Premium ilikuwa hadharani, kila mtu Italia aliijua: mpira.

Premium ilikuwa imechukua haki za Ligi ya Mabingwa Ulaya kwa Italia peke yake, misimu 3 kuanzia 2015 hadi 2018, kwa kiasi kilichoripotiwa kukaribia Euro milioni 700. Ukigawanya, ni zaidi ya milioni 230 kwa msimu kwa shindano moja. Na mshindani wake ni Sky Italia, mwenye mfuko mnene.

Haki za mpira zina ubaya wake. Ukizikosa, wateja wanaondoka ndani ya wiki kadhaa. Ukizipata kwa bei ya juu, wateja wanabaki ila faida imekwisha kwenda kwa shirikisho. Kwa hiyo anayenunua televisheni ya kulipia inayoegemea mpira hanunui mali ya kudumu, ananunua miezi iliyobaki kwenye mkataba wa haki. Vivendi wangekamilisha Septemba 2016, wangebaki na chini ya misimu 2 ya Ligi ya Mabingwa kabla ya mnada mwingine.

Na kilichofuata kilionyesha hivyo. Kuanzia 2018 Ligi ya Mabingwa ilihamia Sky. Mwaka huo huo Mediaset ikaingia makubaliano na Sky kuhusu jukwaa la Premium, na 2019 huduma yenyewe ya kulipia ikafungwa. Sasa niambieni, aliyeghairi alikosea kusoma soko?

---

Mzani

Kipimo Sahihi, kusoma soko hakukosea. Alikosea wakati. Hatari ikiwa hadharani mwezi Aprili, kwa nini usiitumie Aprili hiyo hiyo kushusha bei? Ingewezekana kuandika kwamba sehemu ya hisa italipwa baada ya mnada wa haki za kuanzia 2018, kulingana na haki zitakazopatikana. Wapo wanunuzi wanaofanya hivyo: sehemu kubwa ya bei siku ya kukamilisha, inayobaki inafuata matokeo ya miaka ya mwanzo.

Halafu tusisahau kilichofanyika Desemba 2016. Vivendi ile ile iliyosema Premium haifai ilinunua hisa za Mediaset sokoni kwa kasi hadi kufika asilimia 28.8. Hilo liliwafanya Waitaliano waamini kwamba shida haikuwa hesabu za Premium, shida ilikuwa hamu ya kuikamata Mediaset nzima kwa bei iliyoporomoka. Kwa mnunuzi anayedai kwamba ameghairi kwa nia njema, hatua ile ilimharibia sana.

---

Msoma Mikataba

Na ikamletea mdhibiti mlangoni. Vivendi ilikuwa pia na takriban asilimia 24 ya Telecom Italia. Aprili 2017, AGCOM, mdhibiti wa mawasiliano wa Italia, ikaamuru Vivendi ipunguze upande mmoja ndani ya mwaka. Asilimia 19.19 za Mediaset zikahamishiwa chini ya kampuni ya udhamini, Simon Fiduciaria, na Vivendi ikazuiwa kuzipigia kura. Septemba 2020 Mahakama ya Ulaya ikasema sheria hiyo ya Italia inakwenda kinyume na sheria ya Umoja wa Ulaya, lakini miaka 3 ilikuwa imeshakwenda.

Kuhusu hukumu: Aprili 2021 mahakama ya Milan ilikataa madai makubwa ya fidia, ikaamuru Vivendi ilipe Euro milioni 1.7 tu. Mwezi uliofuata pande zote zikapatana. Vivendi ikakubali kuziuza zile asilimia 19.19 taratibu kwa miaka 5, na Fininvest ikachukua asilimia 5.

Wengine husoma hiyo milioni 1.7 wakasema "basi kughairi ni rahisi". Hapana. Hesabu mabilioni ya mtaji yaliyokaa kwenye hisa zisizo na kura, mawakili wa miaka 5, na mpango mzima wa kujenga kundi la televisheni la kusini mwa Ulaya uliokufa.

---

Mtaa wa Pili

Je, si bora kuweka tu faini ya kuvunja mkataba, kila mtu ajue bei ya kutoka?

---

Msoma Mikataba

Inasaidia, haimalizi ugomvi. Angalia Sony na Zee, kampuni za televisheni zilizotaka kuungana kule India. Walisaini Desemba 2021, wakapewa miaka 2 pamoja na mwezi mmoja wa nyongeza wa kujadiliana. Mgogoro ukawa nani aongoze kampuni mpya, hasa baada ya mdhibiti wa masoko ya hisa, SEBI, kutoa amri dhidi ya Punit Goenka, mkuu wa Zee, mwaka 2023, amri ambayo baadaye rufaa iliibatilisha. Tarehe 22 Januari 2024 Sony wakajitoa na kudai dola milioni 90 za kuvunja mkataba. Zee nao wakadai kwamba wao ndio waliovunjiwa. Faini iliandikwa, lakini nani anamlipa nani? Walipatana Agosti 2024, na hakuna aliyemlipa mwenzake.

Faini hufanya kazi pale tu mkataba unapotaja tukio lenye kuonekana kwa macho: idhini imenyimwa tarehe fulani, au mnunuzi hakuleta fedha tarehe fulani. Ikiandikwa kwa maneno ya jumla kama "juhudi za dhati", mnakwenda kugombana juu ya maana ya dhati.

Mfano wa maneno hayo kugeuka kesi ni Marekani: kampuni ya televisheni Sinclair ilikubali kuinunua nyingine, Tribune, kwa dola bilioni 3.9, Mei 2017. Ili ipate idhini ya FCC, mdhibiti wa mawasiliano wa Marekani, Sinclair ilipaswa kuachia baadhi ya vituo. Ikapanga kuuza kituo cha WGN cha Chicago kwa dola milioni 60 kwa kampuni ya mtu mwenye uhusiano wa kibiashara na mwenyekiti wake, huku Sinclair ikiendelea kukiendesha. FCC ikaona mnunuzi huyo ni kivuli, Julai 2018 ikalipeleka suala kwenye shauri. Agosti 9 Tribune ikajitoa na kuishtaki Sinclair ikidai dola bilioni 1, kwamba haikujitahidi kupata idhini. Nexstar ikaja ikainunua Tribune, ikakamilisha Septemba 2019.

---

Fundi Mitambo

Wakuu mmeongelea karatasi, niongeze upande wa mitambo, maana huko ndiko mashaka ya mnunuzi huanzia kwa Afrika Mashariki.

1. Mfumo wa kufunga na kufungua kadi. Mkataba wake mara nyingi una kifungu cha mabadiliko ya umiliki: kampuni ikiuzwa, mwenye mfumo anaweza kukataa kuendelea. Akikataa, king'amuzi kilichopo sebuleni kwa mteja hakifunguki kwa mfumo mwingine, lazima kibadilishwe. Kwa wateja 140,000, hata kila king'amuzi kikigharimu dola 15, ni dola milioni 2.1 kabla ya usafiri na mafundi. Barua ya ridhaa ya mwenye mfumo ipatikane kabla ya kusaini.

2. Setilaiti. Nafasi hukodishwa kwa MHz, kwa miaka, kwa dola, na unalipa hata ukiitumia nusu. Transponda (kipande kimoja cha mawimbi ya setilaiti) ya MHz 36, yenye teknolojia za DVB-S2 na MPEG-4 za kurusha na kubana picha, hubeba takriban chaneli 20 hadi 25 za ubora wa kawaida, za HD ni chache zaidi. Linganisha uwezo uliokodishwa na chaneli zilizo hewani. Kampuni nyingi zinalipia hewa tupu.

3. Kwa chaneli ya bure ya ardhini: kituo hakimiliki tena mnara wake kama zama za analojia, kinamlipa msambazaji wa mawimbi. Omba taarifa ya deni kutoka kwa msambazaji mwenyewe. Deni la miezi 10 likiwepo, anayo haki ya kuzima, na chaneli iliyozimwa wiki 2 hupoteza watangazaji ambao hawarudi kirahisi.

4. Maktaba. Kanda na faili zote zipigwe orodha, kila kipindi kiwe na mkataba wa mtayarishaji unaosema haki ni za kituo, kwa nchi zipi, na kama zinahusu mtandaoni. Tamthilia nyingi zilinunuliwa kwa marudio 2 au 3 tu. Anayelipia saa 5,000 za maktaba anaweza kukuta zinazoruhusiwa kurushwa tena hazifiki nusu.

---

Kipimo Sahihi

Fundi, kwenye namba 3 ongeza daraja la leseni. Agosti 2018 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, iliagiza chaneli za bure za ndani ziondolewe kwenye ving'amuzi vya malipo ambavyo leseni zao hazikuruhusu kuzibeba, vikiwemo DStv, Azam na Zuku. Chaneli iliyokuwa ikiuza matangazo kwa kuonekana kwenye kila king'amuzi ikapungukiwa na watazamaji kwa agizo moja. Mnunuzi wa chaneli ya bure lazima ajue inafika wapi kwa haki ya leseni, na inafika wapi kwa hisani ya mwenye king'amuzi.

---

Mtaa wa Pili

Na kwa Tanzania, mtu akinunua kituo, idhini ni ya TCRA peke yake?

---

Msoma Mikataba

Hapana, zipo mbili. TCRA kwa leseni chini ya EPOCA, sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya 2010, kwa sababu leseni haihami na hisa hivi hivi. Na FCC, hii yetu, Tume ya Ushindani, si ile ya Marekani, iwapo mauzo au mali za pande zote kwa pamoja zinafika shilingi bilioni 3.5 na kuendelea. Kukamilisha kabla ya idhini ni kosa, hata kama mmekubaliana kwa amani.

Muda wa leseni nao uangaliwe kwa makini. Ufaransa ina fundisho zuri. Septemba 2022 kampuni za televisheni TF1 na M6 ziliacha mpango wa kuungana baada ya mamlaka ya ushindani kuonyesha kwamba isingeridhika bila kuuzwa moja ya chaneli kuu zenyewe. RTL, mmiliki mkuu wa M6, ikapokea wanunuzi wengine wa M6, kisha yenyewe ikaghairi kuuza. Sababu? Leseni ya M6 ilikuwa inahuishwa Mei 2023, na sheria ya Ufaransa hairuhusu udhibiti kubadilika kwa miaka 5 baada ya hapo. Muda wa kupata idhini kabla ya Mei haukutosha.

---

Mzani

Hapo sasa tuione Canal+ yenyewe, maana inatuhusu wenye DStv majumbani. Ilipoiendea MultiChoice ilianza na randi 105 kwa hisa Februari 2024, bodi ikakataa. Ikapanda hadi 125. Tarehe ya ukomo ilikuwa 8 Aprili 2025, idhini hazijakamilika, wakaisogeza hadi 8 Oktoba. Katika mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2025, wateja walio hewani walishuka kwa milioni 1.2 hadi milioni 14.5. Sababu za kughairi zilikuwepo tele. Na sheria ya Afrika Kusini inamzuia mgeni kuvuka asilimia 20 ya kura kwenye kampuni yenye leseni ya utangazaji, kwa hiyo ikabidi kampuni yenye leseni itengwe. Wakakamilisha Septemba 2025.

---

Bi Mahesabu

Tofauti ya visa hivi viwili naiona kwenye hesabu. MultiChoice wakati huo ilikuwa imeorodheshwa soko la hisa Johannesburg, hasara na wateja wake vilikuwa vinachapishwa kila nusu mwaka, na Canal+ ilikuwa ikinunua hisa zake tangu 2020. Waliingia wakijua. Premium ilikuwa kampuni tanzu ndani ya kundi la Mediaset.

Kwa anayenunua kituo kilicho ndani ya kundi kubwa, aombe hesabu za kituo kikiwa peke yake: studio inayotumika kwa pamoja itozwe bei ya soko, wafanyakazi wanaolipwa na kampuni mama waingizwe, na matangazo ambayo kampuni dada hujirushia bure yaondolewe kwenye mapato. Zoezi hilo kwa kituo cha ukubwa wa kati huchukua wiki 6 hadi 8. Muuzaji akisema hana muda wa wiki 8, sehemu ya bei ikae kwenye akaunti ya dhamana benki kwa miezi 12 au 18 hadi hesabu zithibitike, na kiwango cha wateja waliolipa bei kamili kiandikwe mkatabani kwa tarakimu.